Papa apasuliwe au apitishiwe chombo? Tulivyochagua operesheni ya prostate hapa Bukavu

"Prostate ya papa yako iko na gramme ngapi?"

Wakuu, swali hilo niliulizwa na daktari wa mkojo. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale nilipojiaibisha.

Papa ana miaka sabini na kitu. Mkojo ulimzibia, akawekewa sonde, ule mpira unaotoa mkojo hadi kwenye mfuko. Wiki tano aliuficha ndani ya suruali. Misa aliacha kwenda.

Vipimo vilisema si kansa, prostate, yaani tezi dume, imekua tu. Dawa zilishindwa. Zikabaki njia mbili: kupasua chini ya kitovu na kutoa nyama iliyoota, au kupitisha chombo katika njia ya mkojo na kuikwangua bila kukata ngozi.

Nilisoma mtandaoni siku tatu, nikaamua: chombo. Hakuna kidonda, na unarudi nyumbani mapema.

Shida ni kwamba kwetu binti haongei na baba yake mambo ya chini ya mkanda. Karatasi zote za echo, kile kipimo cha picha za ndani ya tumbo, papa alimpa mdogo wake, tonton Déo wa Nyangezi. Tukakaa sebuleni: maman, tonton na mimi. Papa alikuwa chumbani, mlango wazi.

"Apasuliwe," tonton akasema.

"Sababu gani, tonton?"

"Wee mutoto, hata kwa komunyo ya kwanza uliuliza padiri kama ile divai inalewesha."

Papa akakohoa kule chumbani. "Muniulize na miye. Mwenye kukojoa ni miye."

Kesho yake nilienda peke yangu kumbishia daktari, nikidai chombo. Ndipo akaniuliza zile gramme. Nilikuwa natetea operesheni ya kitu nisichojua ukubwa wake.

Nikamwita tonton, akaja na bahasha. Gramme mia moja ishirini.

Daktari akaeleza kwa utulivu. Prostate ya kadiri, chombo kinaitosha vizuri. Kubwa namna hii, kukwangua kunachukua muda mrefu, damu inapotea, na nyama ikibaki mgonjwa anaweza kurudi. Kuna laser inayoweza kubwa, lakini yeye hana. Kupasua kuna kidonda na siku nyingi za sonde, ila nyama yote inatoka mara moja.

Akaongeza kwamba kwa njia zote mbili, mbegu za kiume zinaweza kurudi kwenye kibofu. Nikasoma kalenda ya ukutani.

Papa akapasuliwa. Aliongezewa damu chupa moja. Siku ya nane sonde ikatolewa, nasi tukasimama nje ya choo tukisikiliza. Maji yalipoanza kumwagika, maman alipiga ishara ya msalaba. Mimi nililia.

Nilichojifunza: ulizeni ukubwa kwanza, na daktari wenu amezoea njia ipi, kisha ndipo mbishane. Ambaye mzee wake alipitishiwa chombo, atuambie amekaa miaka mingapi bila kurudia.

Na hili mke wa tonton ameniambia juzi tu, miaka miwili baada ya operesheni ya papa: tonton mwenyewe alishapasuliwa vilevile kabla yake. Mwezi aliopasuliwa, sisi sote tulijua yuko Luvungi, ananunua mpunga.