Yaya wa Damu Changa

Saa mbili kasorobo asubuhi, jua linapenya dirisha refu la maabara. Mwanamke mmoja ameshanawa mikono hadi viwikoni, amevaa glavu mbili mbili, nywele zote zimo ndani ya kofia ya karatasi. Anafungua kabati la joto taratibu, kana kwamba ndani kuna mtu amelala.

"Mmeamkaje?" anauliza.

Hakuna anayejibu, bila shaka. Ndani mna mifuko minne ya plastiki yenye maji ya rangi ya waridi, na katika maji hayo zinaelea seli zilizotoka kwenye damu ya kitovu cha mtoto mmoja. Wenzake wanamwita Yaya. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia humu.

"Mama yangu mpaka leo hajaielewa kazi hii," anasema akicheka. "Aliniuliza, 'Mwanangu, unalea watoto wa nani?' Nikamwambia, 'Wa watu, mama.' Akasema basi niombe nyongeza ya mshahara, maana watoto wa watu wana kazi."

Kitovu kikishakatwa, damu inayobaki humo kwa kawaida hutupwa. Mama akikubali, hukingwa na kugandishwa. Ndani yake mna seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na ndizo zinazoweza kumzalishia damu mpya mtu ambaye uboho wake, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, umeharibika. Tatizo ni uchache wake: mfuko mmoja mara nyingi haumtoshi mtu mzima. Kwa hiyo Yaya huziyeyusha, huzilisha, na kuzilea kwa wiki mbili hadi ziongezeke.

"Ziongezeke lakini zisikue," anasahihisha upesi. "Seli ikishakua imeshakua, hairudi utotoni. Mimi nataka zizaane zikiwa bado changa."

Hilo alijifunza kwa machungu. Miaka minne iliyopita aliona hesabu inapanda, tamaa ikamwingia, akaziacha siku mbili zaidi. Idadi ikawa ya kujivunia. Kumbe karibu zote zilikuwa zimeshakomaa, hazifai tena kupandikizwa. Ikabidi utafutwe mfuko mwingine, na mgonjwa akafariki kabla haujapatikana.

"Niliandika barua ya kuacha kazi," anasema. "Mume wangu akanambia, 'Ukiondoka wewe uliyekosea, atakuja ambaye bado hajakosea.' Nikaichana."

Safari hii seli zinalelewa kwa ajili ya mwalimu wa chekechea mwenye saratani ya damu. Yuko ghorofa ya juu, nyuma ya kioo, na dawa kali zimeshaumaliza uboho wake. Seli hizi zisiposhika mwilini mwake, hana damu ya kurudia. Yaya hajawahi kumwona, ila kila asubuhi muuguzi hushuka na swali lake.

"Anauliza watoto wake wanaendeleaje."

"Mwambie wameshiba, wanacheza."

Leo ni siku ya kumi na mbili. Yaya anahesabu: seli milioni mia tatu na arobaini, wakati lengo ni mia nne. Daktari anashuka mwenyewe kuangalia.

"Tungoje hadi keshokutwa, kama ilivyopangwa," anasema.

Yaya anamsogezea karatasi ya vipimo. Jana zaidi ya nusu zilikuwa bado changa. Leo ni nne katika kila kumi.

"Keshokutwa utakuwa na jeshi la wazee, Daktari."

"Na ukikosea?"

"Nilishakosea. Ndiyo maana nasema leo."

Daktari anaipitia karatasi tena, namba kwa namba. Kisha anapiga simu juu.

Saa tisa alasiri mifuko inapanda lifti ndani ya sanduku. Yaya anabaki akilifuta kabati tupu, na hafichi kwamba anaogopa sana.

Siku ya kumi tangu mwalimu atiwe seli inapita, hakuna kitu. Ya kumi na nne, hakuna kitu. Yaya anasema huziota seli zake zikitembea ndani ya mifupa, kwenye korido ndefu zisizo na taa, zikisukuma mlango mmoja mmoja kutafuta chumba chao.

Siku ya kumi na saba muuguzi anashuka mbio.

"Zimeshika!" anasema kabla mlango haujafungika. Damu mpya imeanza kuonekana kwa mwalimu, damu ya mtoto ambaye sasa anakaribia kuanza shule mahali fulani na hajui lolote. "Halafu ana swali jingine. Anauliza wanaitwaje, maana yeye haanzi somo bila kuita majina."

Yaya anacheka hadi machozi, kisha kicheko kinaisha na machozi yanaendelea.

Madaktari wanasema, mambo yakienda sawa, itapita kama mwaka mmoja kabla mwalimu hajaruhusiwa kusimama tena mbele ya watoto wenye mafua. Yaya ameshapanga.

"Nitaomba ruhusa ya asubuhi moja tu," anasema. "Sitaingia darasani. Nitasimama nje ya dirisha, nimsikie anaita majina, na watoto wanaitika."