Hodi Kutoka Ukutani

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani wa mtaa wetu wa Bustan: nilimfungia bibi yangu nyuma ya ukuta, akaniita kwa jina, nikamsikia, nikakimbia.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na kiangazi mawe yale hunywa jua kutwa kisha hulitapika chumbani kwangu, na mimi (mwandishi wa riwaya mbili ambazo msomaji wake mwaminifu ni Bibi, naye husomewa) nilichoka kudondoshea jasho karatasi. Basi Bibi alipokwenda kukaa siku tatu Qurum kwa mwanawe, Ami Nassor, nikamleta fundi Mkenya kutoka Wadi Kabir aufunike ukuta kwa ndani, mabamba ya povu gumu kisha jasi juu yake, joto lisipenye. Ukutani mle mna kimlango cha kuendea stoo.

"Madam, na hii mlango?" akaniuliza.

"Funika tu. Stoo ina mlango mwingine uani."

Ni kweli upo. Nilichosahau ni kwamba mlango ule ukibamizwa na upepo, komeo lake la nje hujiangukia lenyewe, na ndiyo maana miaka yote Bibi huingia stoo kwa uani akatokea chumbani kwangu, akibisha hodi kwanza, maana Bibi haingii kwa mtu bila kukaribishwa, hata kwa mtoto aliyemwogesha mwenyewe.

Aliporudi nikamwambia asiingie chumbani mpaka rangi ikauke, nataka kumshangaza.

"Haya bibie," akasema. "Mie nna wali wangu jikoni."

Saa nane mchana nikakaa kuandika. Chumba baridi, kimya kama ndani ya kasha, na nilikuwa naandika kisa cha marehemu anayerudi kwake (nani alinituma?), mara nikasikia, mbali, kama kutoka chini ya kisima:

"Hodi."

Mlangoni hapana mtu. Dirishani hapana mtu.

"Hodi... Raya."

Kinanijua jina! Nywele zikanisimama mpaka za mikononi. Bibi mwenyewe alinifunza tangu mdogo kwamba sauti usiyoona inatoka wapi usiiitike, basi nikauma ulimi, nikabeba viatu mkononi, nikatoka mbio nikisoma Ayatul Kursi na kuirudia mwanzo kila nilipopotea.

Jikoni sikumkuta Bibi. Maji ya wali yamekauka, sufuria inanuka, buibui lake liko msumarini, dawa yake ya presha mezani, na nje ni lile jua ambalo hata paka hawatoki chini ya magari. Nilimwita nyumba nzima. Hapo likanijia wazo ambalo hata kuliandika naogopa: kwamba ameanguka mahali, amekufa, na kilichokuja kuniaga ndiye yeye.

Nikampigia Ami Nassor huku nalia. Haikupita nusu saa uani kumejaa watu, wanaume wameteremka ufukweni, wengine wanaulizia kwenye geti la hoteli ya jirani, na kipaza sauti cha msikiti kinatangaza amepotea bibi kizee wa miaka themanini na nne (umri huo Bibi hajautamka mbele ya mtu tangu nizaliwe). Mlango wa stoo tuliupita mara ishirini. Umefungwa komeo kwa nje, na mashine ya AC inanguruma ubavuni mwake. Nani angemtafuta mtu nyuma ya komeo?

Mwishowe nikamnong'oneza Ami habari ya ile sauti. Akaniangalia, akaingia chumbani, watu wanane nyuma yake. Tukasimama mbele ya ukuta wangu mweupe.

"Hodi." Sasa imekuwa nyembamba kama uzi.

"Msiitike!" akasema jirani yetu Bi Zuwena, amenishika mkono mpaka kucha zinaingia.

Hakuna aliyeitika. Watu kumi tumeshusha macho. Kisha ukuta ukasema:

"Raya... wali unaungua, we mtoto."

"Jini gani huyo mwenye wali?" akasema Ami.

"Karibu!" nilipiga ukelele. "Karibu, Bibi, karibu!" na nikauvamia ukuta kwa kucha, Ami kwa mateke, povu likaruka kama manyoya ya kuku, hadi kimlango kikaonekana.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, nguo zimemganda kwa jasho, vifundo vya vidole vimechubuka kwa kubisha. Mkononi chupa ya achari aliyoifuata stoo kabla upepo haujambamizia mlango. Tulimnywesha maji kwa kijiko. Alipopata sauti akatutazama sote, tumejaa povu vichwani.

"Adabu nilikufunza mimi," akaniambia. "Huu woga umeutoa wapi?"

(Kwake. Lakini ile si siku ya kumjibu.)

Ami hakunisemesha mpaka Ijumaa. Kimlango kiko wazi sasa, na kila mchana joto linapita pale moja kwa moja hadi kwenye meza yangu, nami naliacha lipite. Bibi akitaka kutoka stoo husimama kizingitini kwa makusudi, akasema hodi polepole, kwa sauti ya kaburini, akangoja. Nami nimeapa: nikisikia hodi, hata pasipo mtu, naitika kwanza. Kuogopa nitaogopa baadaye.