Amina ya Meneja

Mkono wangu wa kulia unaishia kwenye kifundo. Naanza na hilo ili tusisumbuane, maana watu wakikutana nami huongea habari za mvua na bei ya sukari huku macho yao yakitafuta kiganja kilienda wapi. Kilienda ndani ya roli, vile vyuma vya mviringo vinavyozunguka kulisha pamba, katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huku kwetu kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa mchana, jua kali, na mimi nilikuwa nacheka kwa sababu stima, umeme wetu, ilikuwa imepotea.

Mtu wa ofisini akisikia hivyo anashangaa. Yeye stima ikipotea analalamika. Sisi wanawake wa roli tulipiga vigelegele, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kusafisha. Nyuzi za pamba hujizungusha kwenye roli kama nywele kwenye kitana, na zikijaa, pamba haipiti. Kusimamisha mashine ili isafishwe kulikatazwa. Meneja wa wakati huo aliita huo uvivu. Kuisafisha ikizunguka ni wazimu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na wazimu. Kwa hiyo tulingoja. Stima ikipotea, na Kisumu na viunga vyake haikupita siku nyingi bila kupotea, tulifungua vifuniko, tukaingiza mikono na kung'oa nyuzi huku tukisengenyana kwa raha zetu.

Tangu nilipoajiriwa, miaka ya themanini, kazi hiyo ilikuwa salama. Masanduku ya zamani ya kuwashia mota yalikuwa na sumaku ndani. Stima ikikatika, sumaku inaachia, na hata stima ikirudi mota inabaki imelala mpaka fundi abonyeze kitufe cha kijani. Fundi wetu hakubonyeza kabla ya kupiga filimbi. Alikwenda mota moja baada ya nyingine, maana akiwasha zote kwa pamoja fyuzi zilikuwa zinalipuka. Sisi tukisikia filimbi tunatoa mikono, tunafunga vifuniko, na umbea tunaukatia hapo hapo.

Halafu akaja meneja mpya kutoka Nairobi, na baada yake yakaja masanduku mapya. Tuliyaita kompyuta kwa sababu yalikuwa na kioo kidogo chenye namba. Siwezi kuyasingizia: yalikuwa mazuri. Zamani mota ilikuwa inaanza kwa kishindo, mkanda unakatika, na mkanda ukikatika unamchapa aliye karibu. Kompyuta ilianzisha mota taratibu, mikanda ikaacha kukatika, na ile harufu ya mota kuungua tukaisahau. Meneja alituita akatuonyesha.

"Nyinyi wamama," alisema, "hii kitu iko na akili kushinda nyinyi wote. Kazi yenu ni kuheshimu."

Tukacheka, maana alitaka tucheke. Kitu ambacho hakutuambia ni kwamba muda wa fundi kuzunguka na filimbi yake ulikuwa unamuudhi, na kwamba alimwagiza fundi azipange kompyuta hizo ziwe zinaamka zenyewe mara stima inaporudi. Hakuna kungoja mtu. Hakuna filimbi. Fundi akapanga. Wanawake wa roli hawakuwa watu wa kuambiwa mambo ya mota.

Sikuchukua muda kujua. Stima ilipotea, nikafungua kifuniko changu, nikaingiza mkono. Nilikuwa katikati ya kusimulia jinsi jirani yangu alivyoanguka na sinia la chakula mbele ya wakwe zake. Ingekuwa mota ya zamani, kishindo chake kingenistua na labda ningepoteza kidole. Hii mpya ilianza polepole, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa kanisani. Nilihisi roli inanishika kabla sijasikia chochote. Nilipiga kelele nikimwita mama yangu, ambaye alikuwa amekufa zamani.

Fundi alikuja kuniona hospitalini. Alisimama miguuni pa kitanda akiizungusha kofia yake.

"Mama, ile kitu iliamka yenyewe," alisema. "Iliwekwa hivyo. Ni namba tu, unabadilisha na kidole."

"Basi enda ubadilishe."

"Meneja amekataa. Anasema tukibadilisha sasa, ofisa wa leba, yule wa serikali anayekagua kazi, atauliza kwa nini tumebadilisha."

Nilimtukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na kwa kile Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho. Alitikisa kichwa kukubali kila tusi, akaniachia ndizi, akarudi kazini. Hakubadilisha kitu.

Meneja alikuja baada yake, amevaa tai. Yeye hakuzungusha kofia. Alisema wameandika kwamba niliingiza mkono mashine ikiwa inazunguka, kwa uvivu wa kungoja. Nikikubali hivyo, nitabaki na kazi. Nikibisha, niende nikabishe nje, na nitafute mwenye kiwanda anayetaka mwanamke wa mkono mmoja. Nilikuwa na watoto na mume aliyekuwa ametangulia mbele za haki. Nikakubali. Kama kuna anayetaka kunihukumu kwa hilo, na akate kwanza mkono wake wa kulia ndipo tuketi tuzungumze.

Kazi niliyobakishiwa sijaiona kwingine. Kila pamba ilipoingia kwa wingi, vibarua wapya wanawake walichukuliwa getini, wakapangwa mstari mbele ya roli, na mimi nikaletwa. Nilivalishwa koti jeupe, mkono wa koti wa kulia umekunjwa ili kipande kionekane vizuri. Meneja alinishika kwenye kiwiko akakiinua juu.

"Angalieni," alisema. "Huyu mama alishika mashine ikitembea. Mama, ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Uvivu."

Wengine waligeuza uso. Wengine walicheka, na hao niliwachukia zaidi kuliko meneja, ingawa najua mtu hucheka kwa hofu. Kisha nilirudishwa kwenye kiti karibu na geti mpaka kundi lijalo. Wenzangu wa zamani walijua ukweli na hawakugusa roli tena. Lakini mmoja wao aliposikika akiwaambia wapya kwamba mashine inaamka yenyewe, alionyeshwa geti siku hiyo hiyo, na midomo ikafungwa. Usafi wa roli ukawa kazi ya wapya. Walikuwa wameonywa kuhusu mashine inayozunguka. Kuhusu mashine iliyokufa kwa kukosa stima, hawakuonywa na mtu, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakipewa kusafisha.

Meneja alikuwa mtu wa kanisa. Mkutano wowote aliufungua kwa maombi, na aliona inapendeza zaidi aliyekatika mkono ndiye aombe. Kwetu unaomba kwa lugha ambayo moyo unaitaka, hakuna anayekuuliza. Na maombi yakishaanza, hakuna mtu wa kuyakatiza, hata awe nani. Haya mawili niliyafikiria sana pale kwenye kiti changu cha getini.

Mara ya kwanza, mbele ya kundi jipya, nilifumba macho nikasema, "Nyasaye Wuonwa," Mungu Baba yetu, kisha kwa Kijaluo nikaendelea bila kubadilisha sauti: walinde hawa, kwa maana wamedanganywa. Stima ikipotea, mikono yao isiingie kwenye roli. Roli zinaamka zenyewe, kimya kimya. Zilikula mkono wangu stima iliporudi, na huyu bwana aliyesimama kando yangu anajua. Nilisikia mstari mzima ukivuta pumzi. Lakini walikuwa wanawake wenye akili. Hakuna aliyefumbua jicho. Meneja, ambaye Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu, alisema "Amina" kwa sauti nene, akanipongeza kwa kuomba kwa uchungu.

Nilifurahi. Sitaficha: nilifurahi kwa ubaya, nikaenda nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Kundi baada ya kundi niliwaombea hivyo, na kundi baada ya kundi meneja alitia Amina yake chini ya maneno yangu. Wanawake wakawa wanasafisha kwa vijiti, wakimwambia nyuzi zinawachoma vidole. Hakuna aliyekatika.

Katika kundi moja alikuwapo mwanamke kutoka upande wa Kakamega, anakaa mtaa wa Manyatta, msusi. Alichukua kibarua kwa kuwa wateja wa nywele walikuwa wachache msimu ule. Mara ya kwanza aliponiona nimekaa getini alitazama kichwa changu, akakasirika.

"Mama, nani amekufunga hii kitambaa kama mzigo ya kuni?"

Nikamwambia mkono mmoja hausuki nywele. Saa ya chai alikaa nyuma yangu juu ya gunia, akanisuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata nikasinzia. Tangu siku niliyoumia hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kichwa kwa upole. Aliniambia maombi yangu yalimgusa sana.

"Sikushika maneno," alisema, "lakini Roho alikuwa pale. Mimi nilisema Amina mpaka koo ikauma."

Kumbe Kijaluo hakukijua, na onyo lote lilikuwa limempita. Nikageuka nimweleze, na meneja alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi akitutazama, kikombe mkononi. Nikanyamaza, nikajiambia nitamngoja jioni tukitoka. Haikufika jioni. Stima ilipotea baada ya chai, na yeye, mgeni mwenye bidii, alifungua kifuniko kabla ya wenzake kuokota vijiti vyao. Waliomwona walipiga kelele kwa Kijaluo. Alipogeuka kuwauliza wanasema nini, stima ikarudi.

Vilikwenda vidole vya mkono wa kushoto, vyote isipokuwa gumba.

Kuna watu wamewahi kuniambia, kwa sauti ya upole ya watu wasiojua kitu, kwamba ningeomba kwa Kiswahili tangu mwanzo. Nawajibu kwamba aliyeficha ukweli ndani ya lugha hakuwa mimi. Mimi niliutoa kwa tundu pekee lililobaki wazi. Lakini usiku wa wiki ile nililia mpaka watoto wangu wakahamia kwa shangazi yao.

Kundi lililofuata, meneja alikuwa na vielelezo viwili. Alimwahidi msusi kile alichoniahidi mimi. Alitusimamisha pamoja, mimi kulia, yeye kushoto, makoti meupe, na mbele yetu, nyuma ya wanawake wapya, walikaa wageni kutoka makao makuu walioletwa kuona jinsi kiwanda kilivyoboreshwa. Walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kompyuta. Walikuwa wamekwisha kuzisifu.

"Mama, tuombee," meneja alisema.

Nikafumba macho. "Mungu Baba yetu," nikasema, kwa Kiswahili, polepole, kama msomaji wa habari.

Nilisikia viatu vyake vikisogea.

"Tunakushukuru kwa mashine hizi mpya. Walinde hawa dada zetu stima inapopotea, kwa maana roli hizi zinaamka zenyewe ikirudi, bila filimbi, bila kelele. Zimepangwa ziamke. Ni namba tu, Baba, na kidole kimoja kinaweza kuibadilisha, na wewe unajua vidole vingapi vimekwenda badala yake. Msamehe mtumishi wako aliyekataa."

Alikohoa. Nikaongeza sauti. Nikamwombea yeye, mke wake, watoto wake na mikono ya watoto wake. Wageni walikuwa wameinamisha vichwa, wangefanya nini? Niliposema "Kwa jina la Yesu," wao walisema Amina, na meneja, kwa mazoea, akasema nayo. Ndiyo Amina pekee kutoka kwake niliyoitazama, maana nilikuwa nimekwisha kufumbua macho.

Kabla ya chai tulikuwa nje ya geti, mimi na msusi, makoti tumevuliwa. Wale wageni waliondoka kwa gari lao bila kufungua kioo. Sikuwa nimetarajia wafungue.

Tukaanza kuuza mboga sokoni Nyamasaria, meza moja. Binti yangu mdogo alitaka kusukwa kwa ajili ya shule, hatukuwa na wa kumpelekea, kwa hiyo tulijaribu: mkono wa kulia wa msusi na wangu wa kushoto, kila mmoja ameshika upande wake wa nywele. Mistari ilikwenda kombo. Msusi aliitukana kwa Kiluhya, akaifumua, tukaanza tena.

Ndipo fundi alipotokea, akanunua sukuma wiki ambayo sidhani aliihitaji. Alisema wanawake wote, wapya na wa zamani, wanakataa roli. Stima ikipotea wanaenda ukutani wanakunja mikono, na vijiti pia wameacha. Nyuzi zikajaa, roli zikaziba, pamba ikarundikana mpaka uani, makao makuu wakapiga simu. Meneja akamwambia abadilishe namba. Filimbi pia imerudi.

"Kubadilisha kulichukua muda gani?" msusi akauliza.

Fundi alitazama mkono wa kushoto wa msusi, kisha wangu wa kulia, kisha kichwa cha binti yangu chenye nusu ya mistari.

"Nilibonyeza tu," alisema. "Pamba ilikuwa imekwama sana."