Paa la Nyumba ya Mama Ndelilio

Priska Tesha alipiga chapa mikataba ya watu wengine kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwajiriwa wa shirika moja la umma huko Arusha. Mwaka 1995 shirika lilipunguza wafanyakazi, naye akarudi kwao Kirua Vunjo na kiinua mgongo chake, akiwa na nia ya kumtengenezea mama yake nyumba.

Mama yake, Ndelilio, alikuwa na miaka themanini na kitu. Alikaa katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, iliyoezekwa enzi kahawa ilipokuwa na bei. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, sakafu ni ya udongo, na baridi ya mlima iliingia kila upande. Priska alitaka paa jipya, sakafu ya saruji, na chumba cha mama chenye dirisha kubwa la kutazamia migomba, kwa sababu mama hakuweza tena kuzunguka kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwa miguu.

Kazi alimpa Theodory, fundi wa palepale kijijini. Priska alisoma mafundisho ya komunyo ya kwanza pamoja na dada yake Theodory. Yohana, mdogo wake Priska aliyekuwa na duka la vipuri Moshi, alimwonya mapema.

“Dada, andikishaneni. Hata karatasi ya daftari inatosha. Aandike atafanya nini na atamaliza lini, mashahidi wawili watie sahihi.”

“Theodory ni mtu wa nyumbani,” Priska akajibu. “Nitaanzaje kumdai karatasi?”

Siku hizo mabati yalikuwa yamejaa madukani Moshi, hayakuwa tena kitu cha kutafutiwa kibali. Priska alinunua mwenyewe, akamkabidhi fundi pamoja na fedha ya mbao na ya ufundi. Februari Theodory akaezua nyumba yote, akapanga mabati ya zamani pembeni, akasimamisha kenchi mbili za kushikilia paa. Kisha hakuonekana tena. Mabati mapya nayo, ambayo alisema anayahifadhi kwake yasiibwe, hayakuwapo.

Mama Ndelilio alihamia jikoni, kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na Priska akalala naye humo. Yohana alikuja kumchukua mama ampeleke Moshi, majirani nao wakamkaribisha kwao. Alikataa wote. Alisema hajawahi kulala nje ya kihamba chake tangu aolewe.

Priska alimfuata Theodory hadi Mkuu, Rombo, akamkuta juu ya paa la duka la mtu, anapigilia misumari. Alishuka taratibu, akamwamkia, halafu akasema kweli yote. Mabati yale aliyatumia kwenye duka hilo, akitegemea kwamba mwenye duka akimlipa atanunua mengine. Mwenye duka hajamlipa.

“Nivumilie kidogo, dada Priska.”

“Mvua hainivumilii mimi,” Priska akamwambia, akageuka.

Alianzia baraza la kata. Wazee walimwita Theodory, akaahidi kurudi kazini baada ya wiki moja, wakapeana mikono. Wiki mbili zikapita. Ndipo Priska akaenda kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Karani alimsikiliza, akamuuliza kama ana mkataba. Hakuwa nao. Alikuwa na risiti ya mabati tu.

“Basi mahakama itabidi ije ione nyumba yenyewe,” karani alisema. “Kama inawezekana, iache ilivyo mpaka hakimu afike.”

Neno hilo Priska alilishika kama amri.

Siku tatu baada ya kupata samansi, Theodory alitokea asubuhi kihambani na msumeno na mfuko wa misumari. Masika ilikuwa imeanza. Alisimama uani, kofia mkononi.

“Dada, sikuja kukuomba ufute kesi. Kesi iende. Niruhusu nirudishe haya mabati ya zamani juu ya chumba kimoja, mama apate pa kulala.”

“Usiguse kitu. Utaniharibia ushahidi.”

“Ni kazi ya siku moja tu.”

“Nimesema usiguse.”

Kutoka jikoni mama alisikia. Akaita kwa sauti ndogo, “Priska, mwache apande.”

Priska alivuka ua. Alisimama mlangoni pa nyumba isiyo na paa mpaka Theodory alipovaa kofia yake akaondoka. Baadaye alikiri kwa Yohana kwamba ushahidi ulikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine alitaka hakimu aikute nyumba vilevile, ili Theodory aone aibu mbele ya watu.

Hakimu alikuwa anahudumia mahakama mbili. Siku aliyopanga kuja, barabara ilikuwa tope, safari ikaahirishwa. Mara ya pili ikaahirishwa tena. Kule jikoni maji yalipita chini ya mbao, na mama akaanza kukohoa. Walimpeleka hospitali Moshi akiwa hapumui vizuri, na siku ya tano akafariki. Theodory alikuja mazikoni. Alishika koleo pamoja na wengine, na hakuna aliyemzuia.

Shauri lilisikilizwa mwezi Juni. Mwenyekiti wa kijiji alitoa ushahidi, risiti ikasomwa, na Theodory hakukana chochote. Aliamriwa amalize nyumba ndani ya siku sitini, au arudishe gharama yote. Kabla ya kufunga faili hakimu aliuliza kwa nini nyumba ilikaa wazi masika nzima.

“Niliambiwa niiache ilivyo,” Priska alisema.

“Ungemwita mwenyekiti aione, aandike alichokiona, mtie sahihi na shahidi mmoja. Halafu ungeezeka siku ileile. Karatasi ile ingetutosha.”

Karani aliinamisha kichwa. Priska alibaki amesimama hata baada ya kuambiwa akae.

Theodory alimaliza siku ya hamsini na saba. Ukweli usemwe, alifanya kazi safi. Watu wenye ugomvi na mafundi wakaanza kumjia Priska kuuliza waanzie wapi, na aliwaelekeza bila kuficha: waandikishane kabla ya kazi, waende baraza la kata mapema, watunze risiti. Wakimuuliza kesi yake iliishaje, alisema tu kwamba alishinda.

Chumba cha mama hakuna aliyelala humo. Yohana akija Jumapili humkuta dada yake bado anatandika kitanda kule jikoni.

“Utahamia lini ndani?” humuuliza.

“Nikishamaliza kukausha mahindi,” Priska hujibu, na mahindi yenyewe yalishaingia ghalani siku nyingi.