Nilimwonea Haya Mama Mkwe, Nikamharibia Kisima

Nimekosa mimi, tena kosa lenyewe ukilisikia utacheka kwanza. Cheka tu. Mke wangu alicheka, wenzangu kazini walicheka, na hata mwenyewe niliyemkosea alicheka. Jina langu nalificha kwa sababu wakwe zangu wanasoma, na vicheko walivyonipa vinanitosha.

Mimi mtu wa Mambrui, nimeoa Gede. Kazi yangu ilikuwa kukagua viwanja vya wanaoomba kibali cha kusafisha maji taka. Hoteli nyingi za huku kwetu siku hizi zinachimba bwawa, zinalijaza kokoto, zinapanda matete. Maji ya vyooni na bafuni yakishatua kwenye tangi yanapitishwa humo taratibu, na yanapotoka yanafaa kumwagilia bustani. Ni jambo zuri, nisije nikayasingizia matete bure.

Ila lina sharti: bwawa lisiwe karibu na maji ya kunywa. Chini yetu huku ni mwamba wa matumbawe, umejaa nyufa, na maji yakishaingia mle hujui yatatokea kwa nani. Kwa hiyo mkaguzi lazima azunguke nyumba zote za jirani, aone kwa macho yake kama kuna kisima.

Sasa hoteli moja ndogo ikaomba kibali, na nyumba inayopakana na kiwanja chake ni ya nani? Ya mama mkwe wangu. Ningekuwa na akili ningempa mwenzangu kazi ile siku hiyohiyo.

Najua wengine mnaketi na wakwe zenu sebuleni mkitazama televisheni, hongereni. Mimi kwa mama yule nafika barazani, naamkia macho chini, naletewa chai, nakunywa, naaga. Nyuma ya jiko, kwenye bafu lake la makuti, mkwe mwanamume haendi. Afadhali nikutwe naiba kuku. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kulizunguka jiko lile.

Siku ya ukaguzi nilikwenda na msimamizi wa hoteli, bwana mmoja mchangamfu aliyekuja na viatu vyeupe kwenye vumbi la Gede. Nyumba nyingine nilizikagua sawasawa, nikafunua mpaka mapipa. Tulipofika kwa mama, nikasimama nje ya ua.

"Hodi," nikaita.

"Karibu. Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Pita barazani, mbona wasimama juani?"

"Tuko kazini, mama. Huko nyuma kwema?"

"Kwema, mwanangu."

Wallahi, huo ndio uliokuwa ukaguzi wangu. Hebu niambie, ni mama gani wa Gede atakayeulizwa na mkwewe kama kwema, halafu aanze kumhesabia vilivyo nyuma ya bafu?

Msimamizi akauliza, "Hatuingii tukaona?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba pale ni kwa wakwe zangu, napajua, hakuna kisima. Akafurahi, maana jua lilikuwa kali. Nikatia sahihi.

Na sikusema uongo kwa makusudi. Chai ya mama nimeinywa miaka mingi, na maji yake ni matamu, hayana ile chumvi ya visima vingi vya pwani. Mimi nikadhani ni ya bomba. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu mkwe hapekui jiko la watu.

Bwawa likachimbwa, matete yakastawi. Kila nilipopita nilijisifu moyoni. Nilipiga na picha nimeyakumbatia kama bwana harusi, nikawatumia wenzangu.

Masika yalipokuja mama akaanza kulalamikia majani ya chai. Ati yana harufu ya sabuni. Akahama duka, kisha akalihama na lile la pili, akimsema mwenye duka kwa kila mpita njia. Mimi nikamnunulia pakiti nzuri kutoka Malindi, nikajiona mkwe mwema kuliko wote.

Halafu tumbo likamshika. Aliharisha na kutapika mpaka akaanguka jikoni. Tulimkimbiza hospitali akiwa hajitambui vizuri, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Akatundikiwa dripu. Daktari akamwuliza mke wangu, Kadzo, mama anakunywa maji gani.

"Ya kisima," akasema Kadzo.

Nikadakia, "Kisima gani?"

"Chake. Kilicho nyuma ya bafu."

Ndugu yangu, nilikaa sakafuni, afisa mzima na kitambulisho shingoni. Kadzo akanitazama, akaelewa.

"Usiniambie," akasema. "Usiniambie hukuingia."

Nikakivua kitambulisho, nikakitia mfukoni.

"Ulidhani maji yale mama anayakamua kwenye madafu?"

Akacheka huku analia, mpaka muuguzi akatuomba tutoke nje. Huko nje alilia tu. Aliogopa atampoteza mamake, na mimi niliogopa hivyohivyo, ila sikuwa na uso wa kusema.

Alasiri Kadzo alinipeleka nyuma ya jiko la mama. Kisima kimejengewa ukingo, kina kifuniko cha mbao, pembeni ndoo za majirani zimepangwa kwa zamu. Ukisimama pale unaona vichwa vya matete ng'ambo ya ua. Kumbe wanawake wa mtaa mzima hufika pale asubuhi kuchota maji ya chai. Asiyejua alikuwa mimi, niliyelipwa mshahara ili nijue.

Nikaenda kwa mkubwa wangu nikakiri. Maji yakapimwa, yakakutwa na vijidudu vya choo. Majirani wengine walikuwa wameshaanza kuumwa matumbo, na namshukuru Mungu hakufa mtu. Bwawa likafungwa. Msimamizi alinipa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alikuwa na haki yake.

Mimi nikaondolewa kwenye vibali, nikapelekwa Gongoni kukagua vibanda vya chapati. Habari ilikuwa imenitangulia. Mama wa kwanza niliyempigia hodi alinifungulia mlango wote akasema, "Ingia mpaka jikoni, baba. Mimi si mkweo."

Na kisima nacho kikafungwa. Nimeuliza lini kitafunguliwa, kila ninayemuuliza anasema tungoje, maji yatapimwa tena. Hakuna anayeniahidi kitu.

Mama alipotoka hospitali nilikwenda kumwomba radhi. Nikapiga magoti barazani, nikamweleza yote, macho chini. Kisha nikasikia kicheko.

"Yaani mkwe wangu," akasema, "umeona haya kulitazama bafu langu, ukaninywesha la wageni."

Akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Kadzo akacheka, mashangazi wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Akanisamehe palepale. Nikamwahidi kwamba maji nitamletea mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi, na naleta. Nafikisha madumu mpaka ndani ya jiko, namkuta na kitenge chake cha kulalia, na wala hatujali tena.

Lakini juzi nilimkuta amekaa jikoni peke yake, chai imepoa mbele yake. Tangu baba mkwe afariki, wale wanawake wa ndoo ndio waliokuwa wakimwamsha asubuhi, wakimletea habari za nani kaolewa na nani kagombana, wakicheka pale kisimani mpaka jua linapanda. Sasa hawana cha kufuata kwake. Nikamuuliza kama madumu yanamtosha.

"Maji waniletea, mwanangu," akasema. "Na watu, nani ataniletea?"

Nilisimama tu na dumu mkononi, nikatamani anitukane.

Kwa hiyo wewe unayetia sahihi juu ya maji ya watu, nakusihi. Kama nyumba ni ya mkweo, mpe mwenzako aikague, usione tabu kuomba. Kama hakuna mwenzako, piga hodi, omba mtu wa ndani atangulie, kisha uingie mpaka nyuma ya bafu uone kwa macho yako. Radhi utaiomba ukishatoka. Mimi niliiomba nimechelewa, nikapewa kwa kicheko, na ua wa mama yule asubuhi uko kimya.