Kamba wa Nola Burrell

Nola Burrell alikuja kwetu makumbusho mwaka 1987 akiwa bado ananukia matufaha. Simtanii. Alikuwa ametoka kwenye kibanda cha kufungashia matufaha huko bonde la Huon, kazi aliyoifanya tangu alipoacha shule na miaka yake kumi na mitano, na Dakta Alastair Penhale, bosi wetu, alimchukua kwa sababu alitaka mtu wa kuchambua wanyama wa baharini upesi bila maswali mengi. Mimi, Verna Tighe, nilikuwa nimeshafanya kazi miaka sita kwenye chumba cha spiriti, wanamohifadhiwa wanyama, nikijaza spiriti kwenye chupa zilizopungua. Nilimwonea huruma yule mwanamke.

Huruma ilikuwa ya bure. Mtu aliyezoea kuyatazama matufaha yakipita mbio mbele yake, akaokota lenye doa kabla wewe hujaliona doa lenyewe, huyo ana macho. Kufika Krismasi alikuwa anachambua ndoo nzima huku wasomi wetu wakibishana juu ya mnyama mmoja.

Miaka ile meli za uvuvi zilikuwa zinaburuta nyavu juu ya milima iliyozama kusini mwa kisiwa chetu, zaidi ya mita elfu moja chini, zikifuata samaki wekundu wa kilindini wenye bei. Nyavu zilipandisha na matumbawe yaliyovunjika, na viumbe vingine ambavyo mabaharia huvirudisha majini kwa koleo. Nahodha mmoja mwenye moyo alikuwa akituwekea ndoo. Humo ndimo alimotoka kamba wa Nola.

Si kamba wa kula. Ni mdogo, urefu wa kidole cha shahada, mweupe, mkia ameukunja chini ya tumbo, na magando yake ni marefu kuliko mwili. Macho anayo lakini haoni. Huko aliko hakuna cha kuonea. Katikati ya macho ana pembe moja nyembamba, na pembeni ya kila jicho mwiba. Kitabuni alikuwa na jina lake zamani, na chupa zote zilibandikwa jina hilo moja.

Siku moja mwaka 1991 Nola aliniita kwenye hadubini.

"Hawa wanaitwa mtu mmoja, Verna," alisema, "lakini hawa si hata ndugu. Ni majirani."

Akanieleza. Ukiinua ukingo wa gamba la mgongo kwa sindano, utaona kwenye shina la kila gando kijikofi, kinyama laini chenye umbo la ulimi. Kamba wa kwanza anavyo hapo tu. Wa pili anavyo kwenye magando na pia kwenye jozi mbili za kwanza za miguu ya kutembelea. Tena mwiba wa jicho: kwa yule umenyooka, kwa huyu umepinda kwa nje. Alikwishakagua madume na majike, wakubwa na wachanga, hata majike wenye mayai, asije akadanganywa na umri au jinsia. Wale wenye vijikofi vingi wote walitoka kwenye matumbawe. Kwenye tope hakumpata hata mmoja.

Alimpelekea Penhale. Bosi aliinama kwenye hadubini muda wa kupiga chafya, akasema ni tofauti za kawaida, kama watu warefu na wafupi, na kwamba chupa zisihamishwe. Kisha akampigapiga begani. "Endelea kuchambua, Nola wangu. Kufikiri niachie mimi."

Kamba yule hakutoka kichwani mwa Nola tena. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na sitasema kamba alishika nafasi yao, maana mwenyewe angenicheka. Lakini alitaka jambo moja, akaniambia wazi tukiwa tunakula pai za kome kantini: siku mnyama yule atakapopewa jina lake, iandikwe mahali fulani kwamba aliyemtenga ni Nola Burrell. Hata kwa herufi ndogo, alisema, hata ukurasa wa mwisho.

Katika kazi yetu anayemtambua mnyama huandika kikaratasi kwa penseli, akakitumbukiza ndani ya chupa pamoja na mnyama, na kutia jina lake. Penhale alikuwa na sheria yake: jina kamili ni la mwenye shahada. Sisi wengine tuweke herufi za mwanzo. Basi kwa miaka kumi na mbili, kila ndoo ilipoleta kamba yule, Nola alikagua, akaandika: "Spishi nyingine. Tazama vijikofi vya miguu ya mbele. N.B." Chupa zilifika sitini na kitu.

Mwaka 2003 mtaalamu wa Kidenishi, Mikkel Thorup, aliomba aazimwe kamba wetu wote wa kilindini. Nola alizifunga chupa mwenyewe, kila moja kwa pamba na gazeti, akazituma, akasubiri. Mwaka mmoja na nusu baadaye makala ikaja. Thorup alikubali kila kitu: vijikofi, mwiba, matumbawe. Kamba alikuwa spishi mpya, na jina lake kwa Kilatini lilikuwa limekatwa kutoka jina la Penhale. Maelezo yalisema hivi: jina hili ni heshima kwa Dakta Penhale, ambaye vikaratasi vyake vya kwenye chupa, kila kimoja kikiwa kimesisitizwa kwa N.B., ndivyo vilivyomwonyesha mwandishi njia.

Miaka kumi na mbili ya Nola ilikuwa imesomwa kama ile N.B. ya Kilatini, "zingatia sana".

Nilitaka kulia, na nilitaka kuvunja kitu. Nola alivua miwani, akaifuta, akaenda moja kwa moja ofisini kwa bosi. Nilimfuata. Simwombi mtu radhi kwa hilo.

"Daktari," alisema, "N.B. ni mimi."

"Najua, Nola. Bahati mbaya kweli. Lakini unajua kanuni, jina likishachapishwa limechapishwa."

"Hakukuletea uisome kabla?"

Penhale alianza kupanga kalamu zake. Akasema ndiyo, rasimu aliletewa miezi minne nyuma, lakini alikuwa na mambo mengi, na yeye pia alidhani hizo N.B. ni zingatia tu.

"Ulidhani," alisema Nola, akatoka.

Mimi nilimwandikia Thorup. Alijibu upesi, kwa adabu zote: amesikitika mno, jina halibadiliki, ila katika makala ijayo atamshukuru Bwana Burrell. Nola aliisoma barua ile mara mbili, akanirudishia.

Kisha ikaja sherehe. Penhale alikuwa anastaafu, na mwandishi wa gazeti alialikwa ampige picha na kamba mwenye jina lake. Nola aliagizwa atoe mmoja wa kila aina, awaweke kwenye sahani mbili nyeupe, ili watu waone tofauti. Mimi nilishika sinia la keki. Mpiga picha alisema, haya Dakta, nyanyua sahani ya kamba wako.

Penhale aliinama. Akatazama sahani hii, akatazama ile. Nilimwona shingo ikianza kuwa nyekundu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuinua gamba la hata mmoja wao. Akamvuta Nola kwa kiwiko.

"Nola wangu," alinong'ona, "ni yupi?"

Nilimkanyaga Nola mguu. Kwa nguvu. Nilikuwa namwomba Mungu Nola amwonyeshe bosi yule mwingine.

Nola alizitazama sahani zote mbili kwa zamu, hata mpiga picha akashusha kamera. Kisha akasema, "Wa kulia kwako, Daktari." Penhale akanyanyua, akatabasamu, taa ikawaka.

Baadaye tulikuwa tunaosha vikombe na mimi nilikuwa bado nachemka. Nilimwambia mimi ningempa bosi yule mwingine, atokee gazetini amemkumbatia kamba wa watu, tucheke mpaka tuzeeke.

Nola alikausha kikombe kimoja, akakiweka, akachukua kingine.

"Ningecheka na nani?" aliuliza. "Chumba kizima kile, nani angejua kwamba amekosea?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningejua. Lakini habari za vijikofi na mwiba nilikuwa nimeshika maneno yake tu. Wale kamba wawili kwenye sahani, hata mimi sikuweza kuwatofautisha.