Majina Niliyoyaruka

Hila moja ya ujanani ilinigharimu Jumapili tatu za mapumziko, mwanangu, na aibu ambayo hata kwa bei ya kutupa isingepata mnunuzi. Nimehesabu mara mbili.

Nakumbuka nilikuwa na miaka ishirini na minne, hapa hapa Toronto. Nilikuwa nikimtunza Bibi Araksi, Mwarmenia aliyepofuka, katika ghorofa za Crescent Town. Wanawe walikaa Markham, mji wa jirani, na walimjibu kwa Kiingereza. Kiarmenia pekee kilichobaki nyumbani mwake kilikuwa Biblia iliyorekodiwa kwenye kanda. Aliweka nadhiri ya kuisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha kanda.

Mimi mtoto wa Kariakoo. Kupunguza bei nilianza kabla ya kuota meno. Siku tulipofika kwenye orodha ya vizazi, fulani akamzaa fulani, nikapiga hesabu: lugha siielewi, bibi haoni, na kwangu Mount Dennis ni mbali. Nikaipeleka kanda mbele.

"Kijana," akasema, "umewaruka."

"Nimemruka nani, bibi?"

"Chai yangu bado ya moto. Majina yale huisha chai ikiwa imepoa."

Nikajaribu kupatana naye. "Tupunguze nusu basi. Ni majina tu, na Mungu anawajua wote."

"Mungu anawajua. Aliyeahidi kuwasikia ni mimi. Na kila uliyemruka alikuwa na mama yake. Rudisha, kisha ukae."

Nikarudisha, nikakaa. Njia ya mwongo ni fupi: nikakiri na kanda nne nilizoziruka wiki iliyotangulia. Ndiyo maana ya Jumapili tatu, bila malipo, nikisikiliza neno kwa neno lugha nisiyoielewa. Tulimaliza siku moja kabla hajalazwa. Akaenda hospitali ametulia kuliko daktari wake, na aliporudi akataka tuanze upya.

Mwanangu, usimpunguzie mtu kitu kwa sababu wewe hujui thamani yake. Lugha usiyoielewa si kelele. Kuna mtu anaishi ndani yake. Ukimwekea mzee kanda, iache ifike mwisho. Mungu akupe masikio yenye subira, na ukizeeka usikose wa kukaa nawe.

Sasa nami nishauri. Mjukuu wangu hunijibu kwa Kiingereza, lakini kila Jumapili hunisomea Zaburi kwa Kiswahili, huku akiyaruka maneno magumu. Nimkemee, au nimshukuru kwanza?